Wakazi wa Bwawa la Tatu

Nilikuwa nimeshamaliza upande mmoja na kuanza wa pili wakati Mkurugenzi aliposukuma mlango kwa kiwiko. Mikononi alikumbatia kitambaa kirefu kilichoviringishwa. Sikuinua kichwa. Kipande cha chumvi kikishafikia unene wa kadi ya mwaliko hakitaki mazungumzo. Ukihamisha jicho tu, kidole kinasaga zaidi ya kilivyotumwa, na kazi ya asubuhi nzima inakuwa unga.

"Mama Msasa, njoo unishikie ncha hii."

"Dakika mbili, mkuu."

"Dakika mbili! Chumvi imekaa chini ya ardhi miaka milioni mia mbili, leo ndiyo ina haraka?"

"Haina haraka, mkuu. Ndiyo maana naipa dakika mbili."

Alicheka kwa pua, akapanda kiti mwenyewe. Sikumwambia kwamba chumvi iliyokuwa chini ya kidole changu ilikuwa na umri wa wiki tatu na ilizaliwa dirishani, ndani ya chupa ya jamu. Sikumwambia kwa sababu bado sikuwa na uhakika, na mimi nikikosa uhakika hunyamaza. Wengine wakikosa uhakika huagiza kitambaa cha ukutani.

Kitambaa kilipofunguka kilikuwa na neno moja kwa herufi nyekundu, kila moja ndefu kama mkono wangu: TUMEWAPATA. Mtu angedhani ni ndugu waliopotea msituni na polisi walikuwa wameshakata tamaa.

"Unaonaje?"

"Kimenyooka."

"Sikuulizi kunyooka, nakuuliza maneno."

"Na neno nalo limenyooka, mkuu."

Mkurugenzi wetu tunamwita Bwana Mirihi, mbele yake na nyuma yake, na yeye hupenda zaidi mbele yake. Hajawahi kufika kwenye sayari hiyo, lakini kwa namna anavyoisimulia ungedhani alisahau miwani yake huko. Ni mtu mwema. Nasema hivi mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji aharakishe hukumu, na mimi nimefanya naye kazi miaka kumi na mmoja bila kuifikia.

Maabara yetu ni nyumba ya vyumba vinne pembeni ya mabwawa ya kampuni ya chumvi. Kampuni hiyohiyo ina mgodi, na wachimbaji wakitoboa ardhi kutafuta mwamba mpya wa chumvi, mche mmoja mwembamba wa jiwe huletwa kwetu kwa hisani. Sisi tunaukata vipande, tunavigandisha kwenye vioo, tunavisaga hadi mwanga upite, kisha tunachungulia kwa hadubini kuona kama kuna aliyekwama humo.

Hapo Bwana Mirihi hana mzaha, na mimi pia sina. Maji ya chumvi yakikauka, fuwele hukua upesi, tofali juu ya tofali, kama nyumba inayojengwa na fundi mwenye haraka asiyeangalia kama kuna mtu ndani. Tone dogo la maji hubaki limefungiwa, na ndani ya tone wanabaki vijidudu waliokuwa wakiogelea. Wanakufa, au wanalala, sijui neno sahihi. Mamilioni ya miaka baadaye wako palepale, kila mmoja ndani ya chumba chake kisicho na mlango. Na kwa kuwa Mirihi nako kulikuwa na maji yaliyokauka yakaacha chumvi, basi kama kuna aliyewahi kuishi huko, huenda naye alijengewa ukuta akiwa ndani.

Ndiyo maana Alhamisi, saa nne asubuhi, walikuwa wanakuja wageni watatu kutoka ng'ambo, watu wanaotengeneza chombo kitakachopelekwa huko siku moja. Walitaka kukijaribu kwanza kwenye chumvi kongwe ya duniani yenye visukuku vya vijidudu. Bwana Mirihi alikuwa amewaandikia kwamba anayo. Siku ile ya kitambaa ilikuwa Jumanne.

"Na keki nimeagiza," alisema akishuka kwenye kiti. "Ya mviringo, nyekundu. Kama sayari."

"Vizuri."

"Na barua yako nimeshaichapisha. Nitakupa mbele ya wageni. Piga pasi gauni zuri."

Barua hiyo ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi. Kwenye orodha ya wafanyakazi mimi ni mhudumu wa usafi. Niliingia na ndoo. Fundi sanifu wa zamani alipostaafu aliondoka bila kumfundisha mtu yeyote, akaacha msumeno, kitabu cha maelekezo na vumbi. Vumbi lilikuwa kazi yangu. Kitabu nilikisoma wakati sakafu ikikauka, ukurasa mmoja kila chumba. Nilivunja vipande arobaini kabla ya kupata kimoja kizima, na tangu hapo kila jiwe linalotajwa kwenye makala za Bwana Mirihi limepita mikononi mwangu, ingawa makala husema "sampuli ziliandaliwa", kana kwamba ziliamka asubuhi zikajiandaa zenyewe. Barua ingenifanya fundi sanifu wa maabara, kwa muhuri. Niliwahi kuiona mezani kwake. Ilisema: *kwa mchango wake katika ugunduzi*.

Sasa niseme kuhusu ugunduzi.

Vipande vinne vya kwanza vya ule mche havikuwa na kitu. Tulivitazama hadi macho yakatoa machozi. Kuanzia cha tano hadi cha tisa, neema: vidude vya mviringo, rangi ya chungwa iliyopauka, vimepangana kama shanga kwenye uzi. Bwana Mirihi aliinuka kwenye hadubini akanikumbatia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata nilipofiwa.

Nami nilifurahi, sisemi uongo. Nilifurahi siku nne nzima. Siku ya tano nilikuwa nikiandika daftari la kazi, nikarudi nyuma kurasa chache kutafuta tarehe, nikasoma mwandiko wangu mwenyewe: *Kipande cha tano. Mafuta yamekwisha.*

Msumeno hauwezi kukata bila kitu cha kuupoza. Mawe mengine hupozwa kwa maji, lakini chumvi ukiikata kwa maji unabaki na supu, kwa hiyo tunatumia mafuta mepesi. Mafuta yalipokaribia kwisha nilijaza fomu nikampelekea Mtu wa Manunuzi, bwana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Fomu ilirudi na swali: *Mafuta ya gari gani? Taja namba ya usajili.* Nikaandika kwamba hakuna gari, ni ya msumeno. Ikarudi tena: *Msumeno haumo kwenye orodha ya magari.* Kweli haumo.

Ndipo Bwana Mirihi akatoa wazo zuri. "Tumia maji ya bwawa. Maji yaliyoshiba chumvi hayawezi kuyeyusha chumvi." Ni kweli kabisa, hata kitabu kinasema. Nilichukua ndoo yangu ya zamani nikateka kwenye bwawa la tatu, lililokolea kuliko yote. Nikayachuja kwa kitambaa safi, kwa sababu mimi ni mtu makini. Na bwawa la tatu, kwa kukolea kwake, lina rangi ya waridi. Rangi ile ni vijidudu wanaopenda chumvi, maelfu kwa maelfu katika kijiko kimoja. Nilikuwa nalijua hilo. Bwana Mirihi analijua kuliko mimi, ana makala tatu juu yake. Lakini siku ile sote wawili tulikuwa tunawaza kuyeyuka. Hakuna aliyewaza wakazi.

Nilirudi kwenye hadubini nikatazama shanga upya. Safari hii sikutazama zilivyo, nilitazama zilipo. Fuwele ikikua huacha mistari ya ukuaji, safu juu ya safu, na matone ya kale hukaa kwenye safu hizo. Shanga zetu hazikufuata safu. Zilifuata nyufa. Na chumvi hupasuka nyufa ndogondogo inapokatwa, kisha maji ya msumeno huingia, yanakauka, yanaacha chumvi mpya na wote waliokuwemo.

Huo ulikuwa wasiwasi tu. Wasiwasi hauhesabiki kama jambo mpaka uujaribu. Nikanunua chumvi ya mezani, nikaichemsha, nikaiacha dirishani ikaushe maji yake taratibu hadi ikanipa fuwele safi kubwa kama dadu. Nikaikata kwa maji ya bwawa la tatu. Na Jumanne ile, Bwana Mirihi alipokwenda kuulizia keki, nilimaliza kuisaga, nikaiweka chini ya lenzi.

Shanga. Rangi ya chungwa. Kwenye nyufa, zimejipanga vizuri kuliko zile za kwanza. Nusu kilo ya chumvi ya dukani nayo ilikuwa imegundua uhai wa kale.

Nilifikiria gauni. Kisha nikafungua daftari nikaandika nilichokiona, pamoja na saa.

Nyumbani jioni binti yangu alikuwa anamkausha mtoto wake baada ya kumwogesha, huku ananiuliza kuhusu Alhamisi.

"Mama, nimewaambia wa kule saluni kwamba unapandishwa cheo. Wanataka picha."

"Wasubiri kidogo."

"Wasubiri nini? Umegundua viumbe wa sayari nyingine, mama yangu. Si mchezo."

"Ni wa duniani. Na nadhani niliwateka kwa ndoo."

Nikamweleza. Alisikiliza mtoto akiwa begani.

"Kwa hiyo ukinyamaza, unapata barua."

"Ndiyo."

"Na ukisema?"

"Narudi kwenye ndoo. Tena safari hii nadhani watanikagua ninachoteka."

"Na hao wageni wenyewe wangejua?"

"Labda si Alhamisi. Lakini watakifundisha chombo chao kwamba hivi ndivyo uhai unavyoonekana. Kisha watakituma mbali kote huko, kikafike, kikawatafute wakazi wa bwawa la tatu."

Alicheka mpaka mtoto naye akacheka bila kujua kwa nini. Halafu akaniangalia. "Mama, hiyo barua umeingoja tangu nikiwa sekondari."

"Najua."

Sikulala vizuri, lakini hilo halina haja ya kuandikwa. Asubuhi ya Jumatano nilipokuwa natoka alinifuata mlangoni.

"Mama! Mafuta ya mtoto yako wapi?"

"Nimeyachukua. Yanakwenda kazini."

"Kufanya nini kazini?"

"Kutafuta viumbe wa Mirihi. Nitakuletea chupa nyingine."

Nilikuwa nimesoma maandishi ya nyuma ya chupa. Mafuta mepesi ya madini, hayana maji hata tone. Manukato kidogo, lakini chumvi haina pua.

Bwana Mirihi alifika saa tatu na tai mpya.

"Mkuu, naomba utazame kitu."

Aliinama kwenye hadubini, na nikaona mgongo wake unafurahi. "Safi! Hii ya ngapi? Tazama zilivyojipanga! Hii ndiyo tutakayowaonyesha kwanza."

"Hiyo ni chumvi ya dukani."

"Ya wapi?"

"Ya dukani, mkuu. Ya mezani. Niliichemsha, nikaifanya fuwele kwenye chupa ya jamu, nikaikata kwa maji ya bwawa."

Hakuinuka. Aliendelea kutazama, lakini mgongo ulikuwa umebadilika.

"Unataka kuniambia kwamba chumvi ya dukani ina visukuku."

"Nataka kukuambia kwamba maji ya bwawa yana wenyewe."

"Hii haithibitishi kitu. Wanaweza kuwemo wa bwawani, na wa kale wakawemo pia."

"Inawezekana kabisa," nilisema, na nilimaanisha. "Ila vile vinne nilivyokata kwa mafuta havina kitu. Na shanga zote ziko kwenye nyufa. Nimezichora, ziko humu."

Nikamsogezea daftari. Alifunua kurasa polepole, kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Alipofika kwenye maneno *kwa ushauri wa Mkurugenzi, maji ya bwawa la tatu* aliweka kidole.

"Hapa ulikuwa na haja ya kuandika ushauri ni wa nani?"

"Huwa naandika yote, mkuu."

"Nani mwingine amelisoma hili?"

"Hakuna."

"Daftari ni karatasi tu, Mama Msasa. Karatasi hupotea. Zinalowa."

"Kurasa zake zina namba na mihuri. Uliipiga wewe mwenyewe, ukasema ndivyo wafanyavyo wenzetu walioendelea."

Alivua miwani. Bila miwani anaonekana mtu aliyechoka, mwenye watoto na deni la usingizi kama sisi wengine. "Ungeniambia wiki tatu zilizopita."

"Wiki tatu zilizopita nilikuwa na wasiwasi tu. Fuwele ilikuwa bado inakua."

"Unajua barua yako inasemaje."

"Najua."

"Inasema kwa mchango wake katika ugunduzi. Kama hakuna ugunduzi, basi…" Akafungua mikono kuonyesha kwamba uamuzi huo haukuwa wake, ulikuwa wa mantiki.

"Basi hakuna mchango," nilimmalizia.

"Si kwamba mimi sitaki."

"Nimeelewa, mkuu."

Niliielewa vizuri sana. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeandaa mawe, na hesabu hiyo haikuingia popote. Nilipovuruga mawe matano, nikakaribia kuwa fundi. Nilipogundua nimeyavuruga, nikarudi kuwa mhudumu wa usafi. Mfumo una mpangilio wake, lazima tuuheshimu. Aliichukua barua kutoka kwenye jalada, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti, kwa upole, kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Kisha akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akitembea hadi ukingoni mwa bwawa la tatu na viatu vyake vya kupokelea wageni. Alisimama pale akiyatazama maji ya waridi. Sijui alichokuwa akiwaambia, au wao walichomjibu. Mimi niliendelea na kazi. Nilimwaga maji ya bwawa yaliyobaki kwenye beseni la msumeno, nikalisugua beseni kwa spiriti mara tatu, nikabadilisha bamba la kukatia la msumeno. Kisha nikatoa kwenye kabati kipande cha mwisho cha mche ule wa mgodini. Kimoja tu, kirefu kama kidole gumba, hakijawahi kuguswa na maji yoyote. Nilikuwa nimekiweka akiba kwa sababu sipendi kabati tupu. Nikaanza kukifunga kwenye kishikio.

Mlango ulifunguliwa. Bwana Mirihi alikuwa amevua koti na kukunja mikono ya shati. Viatu vilikuwa na chumvi hadi kamba.

"Hicho ndicho cha mwisho?"

"Ndicho."

"Kikipasuka?"

"Tutakuwa hatuna kitu. Kama sasa."

Alikubali kwa kichwa. "Utatumia mafuta gani? Manunuzi ametoa?"

"Bado anatafuta namba ya usajili."

Nikampa chupa. Aliigeuza, akasoma kwa sauti: "Laini kwa ngozi changa." Akanitazama. Nikamtazama. Nadhani ndipo kwa mara ya kwanza siku ile tulicheka, yeye akiwa ameshika meza.

"Wewe kata," alisema alipopata pumzi. "Mimi nitadondosha."

"Tone moja kila ukihesabu tano, mkuu. Usihesabu haraka."

"Nimesomea hesabu, mama."

"Ndiyo maana nakuambia."

Tukawasha. Chumvi hukatwa kama unavyomwamsha mtoto mwenye homa. Ukisukuma, inapasuka. Unaliacha bamba lifike lenyewe. Bwana Mirihi alidondosha, akahesabu kwa midomo, akadondosha. Baada ya saa moja chumba kizima kilinukia kama wodi ya wazazi. Mtu wa Manunuzi alichungulia, akanusa, akatazama tai ya Mkurugenzi iliyorushwa begani na chupa mkononi mwake, akafunga mlango taratibu bila kuuliza swali. Nilimheshimu kwa hilo.

"Na kama hamna kitu humu?" aliuliza Bwana Mirihi, macho kwenye tone.

"Basi hamna kitu humu."

"Wageni nitawaambia nini kesho?"

"Umri wa mwamba wataupata kwenye ramani ya mgodi. Vijidudu wa bwawani utawaonyesha upande mmoja, na hiki upande wa pili. Chombo chao kitapaswa kuwatofautisha, au sivyo?"

Alihesabu hadi tano mara mbili, akakosa tone moja, nikasikia bamba linabadilisha sauti. "Mkuu." Akadondosha.

"Hilo la upande mmoja na upande wa pili," alisema baadaye, "ulilisoma wapi?"

"Sijalisoma. Ndivyo ninavyosafisha madirisha. Usipoacha kipande kimoja kichafu, hujui kama umesafisha."

Alirudi kwenye kuhesabu.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi mlinzi alipita akigonga milango kwa funguo, maana saa kumi na moja kamili umeme wa jengo letu huzimwa, kuwe na uhai kwingineko au kusiwe. Nilizima msumeno nikasubiri bamba lisimame lenyewe. Sikulichomoa. Nilipima kwa rula: milimita kumi na nne kati ya ishirini na mbili. Ukingo wa mkato ulikuwa safi, bila ufa ninaouona kwa macho, na macho hayatoshi.

"Tungemaliza," alisema Bwana Mirihi, akijifuta vidole.

"Tungeharakisha. Bado kuna kukigandisha, kusaga pande mbili, na kukisafisha. Nikianza saa moja asubuhi, wageni watatukuta tunasaga."

"Watatukuta," alirudia. "Mimi na chupa hii."

"Usivae tai."

Nilifunika kipande kwa kitambaa kikavu kisipate unyevu wa usiku, nikafunga kifuniko cha msumeno juu yake. Kisha nikafungua daftari, nikaandika tarehe, aina ya mafuta, urefu wa mkato, na jina la aliyedondosha. Alisoma juu ya bega langu, akachukua kalamu, akaweka saini pembeni ya jina lake. Mstari uliofuata, wa matokeo, niliuacha wazi.